Sura ya Sita: Kifaa cha Kutafutia Samaki kwenye Mtumbwi Mdogo

Je, kile kifaa chenye kioo kinachofungwa mtumbwini kweli huonyesha samaki? Na kama huonyesha, kipi kinamfaa mtu mmoja mwenye kasia, asiye na injini wala kijana wa kumshikia taa? Maswali haya huulizwa kila mara mvuvi wa mkoani Mara anapomwona mwenzake amekuja na kifaa hicho mwaloni. Jibu la swali la kwanza ni kwamba huonyesha, ingawa si kwa namna wengi wanavyodhani. Jibu la pili hutegemea maji yatakayovuliwa, kisha chombo chenyewe, kisha betri. Bei na ukubwa wa kioo huja nyuma ya hayo yote.

Kayaki ni mtumbwi mwembamba, aghalabu wa plastiki ngumu, unaobeba mtu mmoja au wawili na kuendeshwa kwa kasia lenye bapa pande zote mbili. Aliyekaa ndani yake yuko karibu sana na maji, hana pa kuweka betri kubwa na hawezi kusimama ovyo. Karibu yote yanayosemwa hapa juu ya kayaki yanahusu pia mtumbwi mdogo wa mbao. Pale vinapotofautiana, tofauti itatajwa.

Maji matatu, mahitaji matatu

Wilaya za Tarime na Serengeti zimetenganishwa na Mto Mara kwa sehemu kubwa. Mto huo, wenye urefu wa kilometa 395 hivi, hutoka kwenye misitu ya Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hutokeza katika vijiji vya wilaya hizo mbili, kisha hutandaa kuwa bwawa pana la mafunjo kabla ya kupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Tarime ilikuwa na mwambao wake wa ziwa hadi mwaka 2007, ilipomegwa ikazaliwa Wilaya ya Rorya. Tangu hapo Shirati, Sota na Kinesi huhesabiwa Rorya, lakini mvuvi wa Tarime anayetaka sangara bado huelekea huko.

Mto wenyewe hauhitaji kifaa, na kayaki haina kazi pale. Viboko na mamba wa Mto Mara si hadithi ya kutishia watoto, na chombo kinachompa mtu nafasi ya kiganja kimoja tu juu ya maji hakifai kupelekwa kwao. Ndani ya hifadhi ya taifa, uvuvi umekatazwa kabisa. Nje ya hifadhi, wanaovua ningu wakati wa mvua, samaki hao wanapopanda mto kwenda kutaga, hutegemea macho na mazoea, kwa sababu maji ni ya kina kifupi, yana tope na yanakwenda kasi.

Maji ya pili ni yale ya mafunjo na mabwawa. Eneo oevu la Mto Mara lina kambale na kamongo kwa wingi. Kusini yake, Wilaya ya Serengeti ina Bwawa la Manchira linalolisha maji mji wa Mugumu. Kwa kuwa bwawa hilo ni chanzo cha maji ya kunywa, anayetaka kuingiza chombo humo aulize kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya na mamlaka ya maji.

Maji ya tatu ni ziwa. Ziwa Victoria ni pana kupindukia lakini si refu kwenda chini: wastani wa kina chake ni mita 40 hivi, na pa chini kabisa ni kama mita 80. Ghuba ya Mara na maji ya karibu na mwambao ni ya kina kifupi zaidi. Takwimu hizi mbili zina uzito mkubwa dukani, maana vifaa vingi vya bei kubwa vimetengenezwa kupenya mamia ya mita za maji ya bahari. Uwezo huo hauna wa kuutumia Rorya.

Mwangwi

Mtu akipiga kelele mbele ya vilima vya mawe vilivyotapakaa Tarime, sauti yake humrudia. Huo ni mwangwi. Akijua sauti husafiri kwa kasi gani na akahesabu muda iliochukua kurudi, anaweza kukisia kilima kiko mbali kiasi gani. Kifaa cha kutafutia samaki hufanya kazi hiyohiyo. Hutuma mlio mfupi usiosikika kwa sikio la binadamu, husikiliza unaporudi, hupima muda, kisha huchora alama kwenye kioo. Majini sauti husafiri mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, hivyo mwangwi kutoka mita 40 chini hurudi kwa muda usiofika hata sehemu moja ya 18 ya sekunde.

Sehemu inayotoa mlio na kuusikiliza huitwa transdusa. Ni kipande kizito kidogo kinachokaa majini na kuunganishwa na kioo kwa waya. Bila transdusa nzuri, iliyofungwa vizuri, kioo hakina cha kuonyesha.

Ujuzi huu ulizaliwa vitani. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwanafizikia Paul Langevin wa Ufaransa alitafuta njia ya kugundua nyambizi kwa mwangwi. Baada ya Vita ya Pili, ndugu wawili wa ukoo wa Furuno, mafundi wa umeme wa meli katika mkoa wa Nagasaki, Japani, walichukua vipima-kina vya kijeshi wakavirekebisha viwafae wavuvi. Kifaa chao kiliingia sokoni mwaka 1948. Mwaka 1959 kampuni ya Lowrance ya Marekani ilitoa kifaa kidogo cha kubebeka kwa mtu wa kawaida mwenye boti ndogo, na vifaa vya kayaki vya leo ni wajukuu wa hicho.

Kinachoonekana ni bondo

Kuna jambo ambalo mvuvi wa Ziwa Victoria yuko tayari kulielewa kuliko mnunuzi wa mahali pengine popote. Nyama ya samaki inakaribiana sana na maji kwa uzito, kwa hiyo sauti huipita bila kushtuka. Kinachoirudisha sauti kwa nguvu ni hewa, na hewa ya samaki imo kwenye bondo, ule mfuko unaomsaidia kuelea. Mabondo ya sangara, ambayo wafanyabiashara huyanunua kwa bei inayopita ya minofu, ndiyo hasa yanayomfichua sangara kwenye kioo. Mvuvi anayempasua samaki kila siku na kulitoa bondo kwa uangalifu lisitoboke ameshika mkononi kile ambacho kifaa hukitafuta.

Kutokana na hilo mambo mengi hujieleza yenyewe. Sangara mkubwa ana bondo kubwa na hutoa alama nene. Dagaa mmoja haonekani, bali kundi lake huonekana kama wingu. Kambale ana bondo dogo lililogawanyika na kufunikwa na mfupa, tena hupenda kulala chini kabisa. Alama yake ni hafifu na mara nyingi humezwa na mstari wa sakafu ya ziwa. Anayevua kambale kwenye mafunjo asitarajie kifaa kimwonyeshe samaki. Kitamwonyesha kina na mikondo iliyojificha, na hilo lina faida yake, lakini awe anajua analolipia ni hilo.

Kinachodanganya jicho

Kwa kuwa kifaa huona hewa, huona pia hewa isiyo ya samaki. Tope la mafunjo huoza na kutoa mapovu ya gesi yanayopanda juu, nayo huchora alama zinazofanana kabisa na za samaki. Mapovu ya kasia hufanya vivyo hivyo. Mizizi ya magugu maji, yale yanayoelea na kuziba mialo, huchora pazia sehemu ya juu ya kioo.

Udanganyifu mkubwa kuliko yote ni wa ziwani usiku. Kila mkazi wa mwambao amewahi kuona wadudu wadogo wakipanda juu ya ziwa kama nguzo za moshi. Aina mojawapo ya wadudu hao, ikiwa bado changa, huishi majini na kubeba vifuko vya hewa mwilini. Mchana hukaa chini, karibu na tope au ndani yake, na usiku hupanda. Dagaa nao hupanda usiku. Mvuvi anayeangalia kioo saa mbili usiku akaona wingu likiinuka kutoka chini anaweza kuwa anatazama riziki au anatazama wadudu. Hata watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda, ambao tangu mwaka 1999 wamekuwa wakipima wingi wa samaki wa ziwa hili kwa mwangwi, huteremsha nyavu pia ili kujua ni nini hasa kilichochorwa.

Vifaa vingi vina kitufe kinachobadilisha alama kuwa vipicha vya samaki. Kitufe hicho ni bora kizimwe siku ya kwanza. Kinachofanya ni kukisia, na hukisia povu kuwa samaki kwa uhakika uleule.

Kwa ufupi: kifaa hupima kina kwa usahihi mkubwa, huonyesha ugumu wa sakafu kwa usahihi wa kutosha, na huonyesha samaki kwa kukisia tu. Mnunuzi anayekubali mpangilio huo hachagui vibaya.

Masafa na duara la tochi

Kwenye boksi huandikwa namba kama 50, 83, 200, 455 au 800, zikifuatiwa na herufi kHz, yaani kilohezi. Hizo ni masafa, maana yake mlio hutetema mara ngapi kwa sekunde. Kilohezi moja ni mitetemo 1,000. Masafa ya chini hufika mbali lakini huchora kwa ukungu. Masafa ya juu huchora vitu vidogo kwa ukali lakini huchoka mapema. Maji baridi hayamezi sauti kama yamezavyo maji ya chumvi, hivyo kilohezi 200, ambazo baharini huonekana ni za maji ya karibu, hufika chini ya Ziwa Victoria popote pale bila taabu.

Mlio hutoka kwenye transdusa kama mwanga wa tochi: mwembamba juu, mpana chini. Kwa transdusa ya kawaida ya kilohezi 200 yenye pembe ya nyuzi 20, duara linalomulikwa sakafuni huwa hivi:

- kwenye kina cha mita 3, upana wa mita 1 hivi;
- kwenye kina cha mita 10, mita 3.5;
- kwenye kina cha mita 30, mita 10 na nusu.

Namba ya kwanza ndiyo ya kuitafakari. Katika maji ya mita tatu, kifaa huona eneo lisilozidi meza ya chakula, na samaki wenye woga wameshalikimbia. Kwa hiyo anayevua maji mafupi ya ghuba atafute transdusa yenye pembe pana zaidi. Ile ya kilohezi 83, ambayo kwa kawaida ina nyuzi 60 hivi, humulika mita 3 na nusu katika kina hichohicho. Kinachopotea ni ukali wa picha: kwenye mteremko wa mawe, mlio mpana huchanganya juu na chini ya mteremko na kumficha samaki aliye karibu na jiwe.

Boksi likiwa na neno CHIRP, maana yake kifaa hakitumi mlio wa sauti moja bali mlio unaopanda kutoka masafa fulani hadi mengine. Faida yake huonekana: samaki wawili walio karibu huchorwa kama wawili badala ya doa moja. Huo ni uwezo unaostahili nyongeza ya fedha. Masafa ya 455 na 800 hutumika kwa picha kali ya moja kwa moja chini, ambapo jiwe huonekana jiwe na kisiki kisiki. Picha ya pembeni, inayomulika kushoto na kulia, hutaka chombo kiende mwendo wa sawasawa kwenye mstari ulionyooka, na mpiga kasia peke yake kwenye upepo wa ziwa hawezi kuushika mwendo huo kwa muda. Ni uwezo wa gharama kubwa usio na mahali pa kutumika kwenye kayaki za huku.

Kuhusu wati, yaani nguvu ya mlio, ipo tahadhari moja. Watengenezaji huandika namba mbili: ya wastani na ya kilele. Wati 200 za wastani ni sawa na wati 1,600 za kilele. Ni kifaa kilekile, ila tangazo hupenda namba kubwa. Wati 200 za wastani zinatosha ziwa hili lote.

Kusoma kioo chombo kikiwa kimetulia

Vitabu vya maelekezo huonyesha samaki kama upinde: mstari unaopanda kisha kushuka. Upinde hutokea chombo kinapompita samaki, kwa sababu samaki huwa mbali anapoingia kwenye mwanga wa tochi, karibu anapokuwa katikati, na mbali tena anapotoka. Lakini kioo husogea kwa muda, si kwa mwendo wa chombo. Kayaki ikiwa imetulia na samaki ametulia chini yake, kioo kitachora mstari mrefu ulionyooka, na mtu asiyejua atadhani ni kundi kubwa la samaki. Ni samaki mmoja, na huenda anatazama chambo.

Sakafu nayo husomeka. Mwamba au changarawe hutoa mstari mnene wenye rangi kali, na katika maji mafupi huchora mstari wa pili chini yake, kwa sababu mwangwi hupanda hadi juu na kushuka tena. Tope hutoa mstari mwembamba uliofifia. Mpaka kati ya tope na mwamba, au mahali kina kinaposhuka ghafla, ni mahali pa kuweka ndoano hata kama kioo hakijaonyesha samaki hata mmoja.

Kuanzia Septemba hadi Aprili hivi, maji ya ziwa hugawanyika: ya juu ni ya vuguvugu, ya chini ni ya baridi kidogo na huishiwa oksijeni. Kifaa kikiongezwa usikivu huweza kuuchora mpaka huo kama mstari hafifu uliotanda katikati. Katika majira hayo samaki wengi hukaa juu ya mstari, na ndoano iliyopita chini yake hupoteza muda. Oksijeni yenyewe kifaa hakiipimi. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kioo, siku moja kabla, kingeonyesha kina tu.

Betri

Kioo cha inchi 4 au 5 hutumia kati ya ampea 0.2 na 0.5 kwa volti 12. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ya aina inayofungwa kwenye ving'ora na pikipiki, ingetosha kwa hesabu ya saa 14 kifaa kikila ampea 0.5. Lakini betri ya risasi haitakiwi kutumika zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema, kwa hiyo zihesabiwe saa 7. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo ni nyepesi zaidi ya nusu na huweza kutumika karibu yote, ingawa hugharimu zaidi. Kwenye kayaki, ambapo kila kilo huhesabika, tofauti hiyo ni ya maana.

Kuchaji si tatizo tena mwaloni. Wavuvi wa dagaa waliohama kutoka karabai kwenda taa za sola wameacha ujuzi wa paneli na betri karibu kila mahali. Fyuzi iwepo kwenye waya wa chanya, na betri ikae ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko.

Kuifunga transdusa

Sauti hupita vizuri kwenye plastiki ngumu ya safu moja. Hivyo kwenye kayaki transdusa inaweza kugandishwa ndani ya kiwiliwili, juu ya silikoni isiyo na povu hata moja, bila kutoboa tundu. Kipimo cha joto la maji hupotea kwa njia hiyo, na mwangwi hupungua kidogo. Mbao ni habari nyingine: zina hewa ndani yake na humeza sauti. Kwenye mtumbwi wa mbao transdusa lazima iguse maji, ikifungwa kwenye mkono wa bomba au ubao ubavuni, kiganja kimoja chini ya uso wa maji, itazame chini wima na ikae mbali na kasia. Mkono huo uweze kuinuliwa, kwa kuwa mwalo wenye mawe huvunja transdusa ndani ya wiki moja.

Kuna pia vifaa vya mpira unaorushwa majini kwa mshipi na kutuma picha kwenye simu bila waya. Kwa mtu anayevua kwenye bwawa akiwa kando, au anayeazima mtumbwi leo huu na kesho mwingine, hilo ndilo chaguo la busara. Udhaifu wake ni simu: jua la mchana hufifisha kioo chake, na mikono iliyolowa haielewani nacho.

GPS na safari ya kurudi

Kati ya nyongeza zote, ya kwanza kulipiwa ni GPS, mfumo wa satelaiti unaojua chombo kilipo. Huweka alama ya mahali penye mwamba, ya wavu ulioachwa, na ya mwalo. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu ngurumo na mvua za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, na mvua ikishuka mwambao hutoweka. Mtu mwenye kasia hawezi kushindana na upepo kwa muda mrefu. Akijua mwelekeo, humaliza nguvu zake upande ulio sahihi. Jaketi la kujiokolea linunuliwe kabla ya kifaa chenyewe.

Dukani na siku ya kwanza

Kioo kiangaliwe nje, juani, wala si chini ya taa ya duka. Kitafutwe alama IPX7, inayomaanisha kinahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Vipimo vibadilishwe kuwa mita, maana vingi hutoka kiwandani vikiwa katika futi, na kosa hilo limewahi kumfanya mtu adhani yuko kwenye kilindi kumbe kasia lake lingegusa tope. Iulizwe kama transdusa na waya wake huuzwa peke yake, kwa sababu ndivyo huharibika kwanza.

Siku ya kwanza majini, kifaa kipimwe kwa kamba yenye jiwe na mafundo ya kila mita. Kamba ikisema mita 4 na kioo kikasema 4, transdusa imekaa sawa. Kioo kikirukaruka, shida kwa kawaida ni povu la hewa chini ya transdusa au mkono ulioinama, na hurekebishwa palepale kwa kitambaa na spana.